Kopo Lenye Kifuniko

Mjini Kamembe, mwanamke akipika sufuria tatu kubwa mchana mmoja, hakuna anayeuliza kama kuna sherehe. Wanauliza anaenda wapi. Ndivyo wanavyofanya wanawake wanaovuka mpaka wa Kongo kwenda Bukavu na mbele ya Bukavu kufuata bidhaa: wanaiachia nyumba chakula cha siku tatu, wanawaonya watoto, wanapotea. Kwa hiyo Jumapili ile, Niyitegeka aliporudi kutoka kanisani akamkuta mkewe Dative amesimama katikati ya mvuke, mboga za lengalenga huku, maharage kule, sambaza, wale dagaa wa ziwani, zikichemka na nyanya bila tone la mafuta, alivua koti taratibu kama mtu anayejiandaa kupokea habari mbaya.

"Maman, unasafiri?"

"Sisafiri."

"Umekasirika?"

"Bado. Endelea kuuliza, nitafika."

Juu ya meza kulikuwa na makopo matano ya plastiki yenye vifuniko. Kila kifuniko kilikuwa na kipande cha karatasi, na kila karatasi ilikuwa na siku yake, kuanzia Jumatatu mpaka Ijumaa. Niyitegeka aliyasoma yote kwa sauti, moja baada ya jingine, kama anayesoma majina ya waliofaulu mtihani.

"Na miye, kopo yangu ni ya siku gani?"

"Weye kopo yako ni sufuria. Damu yako iko muzuri. Toa bia zako mu friji."

Friji ile ndogo Niyitegeka aliinunua kwa ajili ya bia zake, na hakuwahi kuificha sababu hiyo. Jumapili ile chupa zilihamia chini ya kitanda, na mwenye chupa ndiye aliyezibeba, maana aliiona sura ya mke wake. Ilikuwa sura ileile aliyorudi nayo kutoka kituo cha afya siku ya Alhamisi. Muuguzi alimtoboa kidole, akasoma kimashine cha kupima sukari mara mbili, kisha akamwambia Dative polepole kwamba amepewa miezi mitatu. Sukari ishuke, ama waanze sindano za kila siku, na macho yale yaliyoanza kuona ukungu asubuhi yasilaumiwe yakizimika.

Dative hakuhitaji kuelezwa zaidi. Mama yake mzazi alianza na ukungu wa macho kule Bukavu, walikoishi kabla ya kurudi Rwanda, akaendelea na kidonda cha kidole cha mguu, akamaliza maisha yake hapa Kamembe akiwa na mguu mmoja. Dative ndiye aliyekuwa akimbeba kwenda msalani. Aliapa mbele ya zile sufuria kwamba hatabebwa na mtu.

Sasa, kupika Jumapili kulikuwa kazi nyepesi. Kazi nzito ilikuwa Jumatatu, saa sita na nusu, sokoni.

Dative anauza viatu vya plastiki. Nyuma ya meza yake na magunia ya mchele ya Mama Mukansanga kuna benchi mbili, na katikati ya benchi hizo, juu ya ubao, kila siku ya kazi huwekwa sinia moja. Wanawake wanane hula humo. Leo huyu anapika na kuleta, kesho yule, na mpishi hapimwi kwa ladha, anapimwa kwa mafuta. Ukileta sombe, yale majani ya muhogo, isiyoogelea kwenye mawese, watakuuliza kwa upole kama mumeo amefukuzwa kazi. Ugali unasimama katikati kama kilima cha Mururu, mikono minane inaushambulia, na ole wake atakayechelewesha tonge. Dative alishajaribu kula kidogo pale. Haiwezekani. Ukipunguza mwendo, jirani anakumegea pande lake na kulisukuma upande wako: "Kula, Maman, utaanguka!" Hiyo ndiyo heshima ya pale, na heshima haina kipimo cha sukari.

Jumatatu ilikuwa zamu ya Nzigire. Huyu anakaa Bukavu, anavuka kila asubuhi na mzigo wa vitenge, na mdomo wake haujawahi kuonyesha karatasi mpakani. Aliweka sinia, akamega tonge la kwanza, akachovya, akala mbele ya wote. Hivyo ndivyo mpishi anavyopaswa kufanya. Mikono ikanyooshwa.

Dative akafungua kifuniko chake.

Kililia *tap*. Mikono saba ikabaki hewani.

"Ile ni nini?" aliuliza Mama Mukansanga. Mama huyu ana miaka sitini na kitu, anauza mchele wa Bugarama, na bila kupigiwa kura na mtu yeyote ndiye rais wa lile sinia.

"Chakula yangu, Maman."

"Na hii?" Akaonyesha ugali. "Hii ni mchanga?"

"Sukari yangu imepanda. Muganga amenikataza."

"Sukari!" Nzigire alicheka. "Nani hana sukari? Miye niko na sukari, niko na presha, niko na goti, niko na bwana. Na ninakula!"

Wakacheka wote, Dative naye akacheka, lakini mkono wake ulibaki kwenye kopo. Alikula lengalenga zake, sambaza zake na nusu ya kiazi kitamu, vyote baridi. Alipoinua macho aliona hakuna anayecheka tena.

"Dative," alisema Mama Mukansanga, "muntu akileta chakula ya kufunga na kifuniko, akakula peke yake mbele ya benzake, kuna neno moja anasema. Miye sitalisema juu ya chakula."

Hakuna aliyehitaji lisemwe. Upande huu wa ziwa, kama ule wa pili, mtu akikukaribisha anaonja kwanza, hata kama ni maji, ili ujue hakuna mchezo ndani. Anayekuja na chakula chake kilichofunikwa, akakataa chenu, amewaita barozi, watu wa kutia sumu. Na amewaita hivyo mchana kweupe, mnasikilizana meno.

"Maman, sikusema ile!"

"Kifuniko yako imesema."

Jumanne Dative alikwenda na kopo la Jumanne. Hakuna aliyemsalimia. Alipotoka kidogo kwenda msalani, kama kawaida bila kumwachia mtu neno, maana kwa miaka yote anayebaki ndiye anayemlindia na kumuuzia aliyetoka, alirudi akakuta mama mmoja wa Nyakarenzo anaondoka na watoto watatu miguu mitupu.

"Walikuwa wanatafuta viatu?" aliuliza.

"Walikuwa wanatafuta mwenye viatu," alijibu mmoja bila kugeuka. "Tukasema hatumujue."

Aliwakimbilia mpaka kwenye mboga. Hakuwapata. Aliporudi alikuwa anahema, na ukungu umesimama machoni, akakaa, akafungua kopo lake, *tap*, akala kiazi chote mpaka ganda. Kama walidhani njaa ndiyo itakayomrudisha kwenye sinia, walikuwa wamesahau kwamba yeye alikuja na chakula.

Halafu ikafika Jumatano, na Jumatano ilikuwa zamu yake.

Soko lilijua. Wauza nyanya walisogeza viti. Watu walitaka kuona Dative ataleta nini: ugali wa kuomba radhi, uliozungukwa na nyama na kuogeshwa mafuta, ama hataleta kitu na mambo yaishe hapo. Saa sita na nusu Dative alitua kikapu, akatandika kitambaa mahali pa sinia, akatoa kopo. Akatoa jingine. Akatoa mpaka yakafika manane, na juu ya kila moja karatasi yenye jina.

"Yesu wangu," alisema Nzigire. "Ametuletea hospitali."

Mama Mukansanga aliliinua la kwake, akalitikisa karibu na sikio. "Jina langu umeliandika juu ya kifuniko. Kama muntu amekufa."

"Kama muntu yuko na sehemu yake, Maman," alisema Dative. Hakukaa. Alichukua kijiko, akafungua kopo la kwanza, akachota, akala. Akafungua la pili, akachota, akala. Akaenda hivyo kopo kwa kopo, bila haraka, akimtazama usoni kila mwenye jina, mpaka la nane, ambalo lilikuwa lake, na hilo pia akalionja, ili asiseme mtu kwamba amejipendelea. "Mumeona? Nani sasa ataniambia nimemwita murozi? Nimeonja mara nane. Kama kuna sumu, ninakufa miye wa kwanza, na mutagawana viatu."

Mtu upande wa nyanya akapiga makofi. Nzigire akalivuta kopo lake, akatia kijiko, akatafuna, akakunja uso.

"Chumvi iko wapi?"

"Ilibaki kwa presha yako."

"Dative! Unanitukana ao unanitunza?"

"Vyote mbili. Kula."

Nzigire akala. Wawili wengine wakatazamana, wakala. Lakini Mama Mukansanga alirudisha kifuniko chake, akakibonyeza pembe zote nne, akalisukuma kopo mpaka ukingoni.

"Miye siko mugonjwa," alisema. Sauti yake haikuwa ya ugomvi, na hiyo ndiyo iliyomchoma Dative. "Na nitakwambia kitu. Tuliporudi hapa kutoka Kongo, hakuna aliyejua mwenzake. Huyu wa Uvira, huyu wa Bukavu, huyu wa Masisi, kila muntu anaogopa mwingine. Tuliweka sinia moja. Nani anatia mkono humu, huyo ni wetu. Nani hatie, ni wa kupita. Sasa unatukata vipande vipande, kila muntu na kifuniko chake na jina lake. Chagua. Sinia ao kopo. Ukichagua kopo, chukua kiti yako uhame hapa."

Wauza nyanya walisogeza viti tena, karibu zaidi. Hata mpiga kelele wa vitunguu aliacha wateja wake akaja kusikiliza.

Dative alilitazama lile kopo lililosukumwa ukingoni. Alijua ni nini kinachouzwa pale: macho ya kumlindia mali, mikono ya kumbeba akianguka, wanawake waliolala naye msibani mama yake alipozikwa. Alijua pia kimashine cha muuguzi.

"Ninachagua kopo," alisema. "Na sihame."

"Umesema nini?"

"Nimetoka mu sinia, Maman, sijatoka ku benchi. Nimekula humu miaka kumi na mbili. Nataka kukaa na nyinyi ingine kumi na mbili, na nataka kuikaa na miguu yangu mbili. Mama yangu alikufa na moja, na wote hapa mulimuona. Mukinipenda na ugali, munipende. Lakini ugali ile haitanibeba kwenda musalani. Mutanibeba nyinyi. Na miye sitaki." Akaketi. "Mutaninyima salamu, sawa. Mutafukuza baclients, sawa, nitapiga makelele mpaka barudi. Lakini mutaniona hapa saa sita na nusu, kila siku, na kifuniko yangu. Munitoe kwa nguvu basi. Niko kilo tisini na mbili. Muite bantu."

Kuna mtu alianza kucheka akajikohoza. Mama Mukansanga alisimama, akajipangusa kitenge, akaenda kununua chapati mbili, akazila amesimama, mgongo kwao.

Alhamisi Dative alikuja, akakaa, *tap*. Sinia liliwekwa palepale, likajaza ubao wote, na ukingo wake ukamfika magotini, hivi kwamba alishika kopo mkononi kama mtu anayelisha kuku. Hakuhama. Ijumaa pia. Mama Mukansanga alipitisha maneno yote juu ya kichwa chake, kama vile pale pamekaa gunia. Siku hiyo hiyo Dative alikwenda msalani, akarudi, akamkuta Nzigire anamvalisha mteja kiatu cha bluu huku akimwapia kwamba hata maaskofu wanavaa namna hiyo. Hakumwambia asante. Alimpokea kiatu cha pili, wakafunga biashara pamoja.

Jumapili alipika tena, sufuria tatu, na Niyitegeka alitoa bia zake mwenyewe kabla hajaamrishwa.

Jumatatu zamu iligeuzwa, akapika Mama Mukansanga. Alileta ugali wa kawaida yake, mlima, na maharage yaliyong'aa mafuta mpaka unaweza kujitazama humo. Alitua sinia. Akalitazama. Akalisukuma kidogo kuelekea upande wa Nzigire, akalirudisha, akalisukuma tena, mpaka mbele ya Dative kukabaki nafasi tupu ya mbao, upana wa viganja viwili. Akaonja tonge la kwanza kama inavyotakiwa. Wengine wakatia mikono. Hakuna aliyeijaza ile nafasi.

Dative aliweka kopo pale. Lilikaa. Akafungua.

Mama Mukansanga alinyoosha shingo, akatazama ndani kwa muda mrefu: maharage, lengalenga, vipande vya karoti, na samaki mdogo mmoja anayemtazama naye.

"Huyu samaki ni mwembamba kuliko weye," alisema hatimaye.

"Naye anakwenda kwa muganga, Maman."

"Hm. Kula basi, chakula isipoe."

"Ilipoa tangu jana," alisema Dative, akashika kijiko.