Kumpasua Alois Angani

Daktari Hilaria alikuwa amepasua matumbo ya watu Sumbawanga kwa miaka ishirini, mengine kwa mwanga wa tochi, lakini tumbo la leo lilikuwa la mwanawe, tena lilikuwa kwenye chombo cha angani, ambako ukiachia kitu hakianguki. Kidole tumbo cha Alois kilikuwa kimepasuka. Kisu alikishika Meshack, mwenzake wa chomboni aliyewahi kuwa mwanafunzi wa Hilaria, naye Hilaria alimwelekeza kutoka duniani kupitia skrini iliyokuwa mezani kwake. Zilibaki dakika nne chombo kipite upande wa pili wa dunia na mawasiliano yakatike.

Meshack alikata vizuri. Kisha mshipa mmoja ukavuja. Damu haikutiririka, ilijikusanya juu ya jeraha na kuvimba kama donge la ugali wa ulezi.

"Weka shashi, kandamiza!" alisema Hilaria.

Meshack akakandamiza, akarushwa nyuma mpaka ukutani. Akarudi, akakandamiza, akarushwa tena.

"Daktari, siwezi! Nikimgusa tu, naondoka!"

Hilaria akakitazama kitanda. Alois alikuwa amefungwa mikanda kifuani, mapajani na miguuni, barabara kabisa. Meshack hakufungwa popote. Mjinga huyu! Kijana wa kijijini Mollo, amekua akifunga magunia ya mahindi kwenye baiskeli kwa vipande vya mpira, basi kafunga mzigo tu, maana kwao mwenye baiskeli hafungwi.

"Leo na wewe ni gunia!" alifoka. "Piga magoti ubavuni kwake. Mkanda upite chini ya kitanda, uzunguke kiuno chako. Kaza! Kaza tena!"

Meshack akakaza, akakandamiza. Safari hii hakusogea. Hapo skrini ikawa nyeusi.

Kwa dakika kumi na moja Hilaria alikaa mbele ya skrini hiyo. Aliogopa, wala hakujidanganya kwamba haogopi. Alianza Salamu Maria mara tatu, na mara zote tatu akapotea katikati.

Picha iliporudi, Meshack alikuwa palepale, jasho limemganda usoni.

"Inua shashi," alisema Hilaria. "Taratibu."

Akainua. Wakangoja. Hakuna damu iliyochomoza.

"Funga mshipa huo. Maliza, ushone."

Meshack akafunga, akakata, akasafisha, akashona. Mwishowe akashusha pumzi. "Anapumua vizuri, Mama Alois. Nilegeze mkanda? Unanikata kiuno."

"Thubutu!" alisema Hilaria, machozi yakimtoka. "Ukichoka, lala hapohapo juu ya mwanangu mpaka aamke."