Mkono Juu ya Kitabu

Mwaka mmoja baada ya kujitenga na kanisa kubwa, Fundi alikuwa amebakiwa na wateja watatu wa cherehani yake, na mmoja wao ni mama yake mzazi. Wengine walikuja mmoja mmoja kuchukua vitambaa vyao, hata alivyokwisha kuvikata, wakiangalia pembeni. Dirisha la sebuleni lilivunjwa mara mbili. Mumewe, seremala, aliyeranda mabenchi ya kanisa hilohilo kwa mikono yake, aliliziba kwa ubao akasema imani haina bei ya chini. Kusema kweli, mume huyo alikuwa na jibu la kila kitu.

Kundi lao la watu kumi na wanane lilisali kila Jumapili katika sebule hiyo. Hawakubatiza watoto wachanga, na hawakula kiapo, hata kwa jambo la kweli. Mtu wa Mungu akisema ndiyo, inatosha. Kuapa waliwaachia waongo. Aliyeapa alitolewa kundini. Seremala ndiye aliyekuwa kiongozi, na Fundi aliikubali kanuni hiyo kwa moyo mweupe, maana hakujua itakuja kumgharimu nini.

Kisha mtoto wao wa miezi mitano akashikwa na homa. Siku ya tatu, mchana kweupe, akakata roho mapajani mwa Fundi.

Makaburi yote ya mji yalikuwa ndani ya ukuta wa kanisa. Humo alilala binti yao wa kwanza, aliyezikwa kabla hawajajitenga. Waasi na watoto wasiobatizwa walizikwa nje, kichakani, watu walikotupa takataka. Fundi hakutaka kitu kingine duniani ila wanawe walale pamoja.

Mama yake, ambaye hakuwahi kuliacha kanisa, alimweleza Padri kwamba asubuhi ile mtoto alipozidiwa alimmwagia maji kichwani na kumbatiza mwenyewe, kama kanisa linavyoruhusu mtu akiwa mahututi. Ilikuwa kweli. Mume na mke waliona, wakanyamaza, uchungu umewajaa. Padri hakuwa mtu mbaya, aliwaogopa tu wazee wake wa kanisa. Alisema neno la bibi peke yake halitoshi. Mzazi mmoja aweke mkono juu ya Kitabu, aape kuwa aliona, na kaburi litachimbwa leo hii.

Seremala alisema ndiyo, aliona. Padri akamtaka aape. Akarudia kwamba aliona, mikono ameificha nyuma, na jeneza dogo alilolitengeneza mwenyewe likiwa mezani mbele yao.

"Baba watoto," Fundi alisema, "ni jambo la kweli. Unaogopa nini?"

"Naogopa kwa sababu ni kweli, mke wangu. Nikiapa leo, ndiyo zangu zote za nyuma zitakuwa nini?"

Alisema hayo machozi yakimtiririka, na Fundi alijua hajifanyi. Hilo ndilo lililomuuma zaidi. Angekuwa mnafiki, angemchukia akapumzika. Akapiga moyo konde, akaweka juu ya Kitabu mkono wake uliojaa alama za sindano, akaapa.

Mtoto alizikwa saa kumi, ubavuni mwa dada yake. Seremala alishusha jeneza mwenyewe. Hakumlaumu mkewe kwa neno hata moja; walipofika nyumbani alimpikia uji, akamsihi anywe.

Jumapili watu walikuja kama kawaida. Mjane mmoja, ambaye mume na mwanawe wote wako kichakani kwa sababu alikataa kuapa, alimkumbatia Fundi wakalia pamoja. Kisha mjane akaketi, akamtazama Seremala, akangoja. Wote walikuwa wakingoja.

Seremala akasimama. 

"Mke wangu ameapa," alisema mwishowe. "Hawezi kuketi nasi."

Fundi alijua atasema hivyo.  Alipita katikati ya viti alivyovipanga mwenyewe asubuhi, akatoka, akaurudisha mlango taratibu. Nyumba aliyotolewa ilikuwa yake mwenyewe, kwa hiyo hakuwa na pengine pa kwenda. Kwa mama yake wangemrudisha kwenye kanisa asiloliamini tena. Akaketi kwenye ngazi ya mlangoni, juani.

Ndani wakaanza kusali. Alimsikia mumewe akiwaombea wagonjwa, kisha wafiwa, kisha walio nje.