Mla Mahindi Mlangoni kwa Wakwe

...au nimege kipande kidogo tu, kama ukucha wa kidole gumba, nikichovye kwenye chumvi kama desturi inavyotaka, nikitie kinywani na kukificha shavuni, kisha niombe kwenda kunawa mikono, nikiteme huko... hapana, utatemaje mkate wa heshima kwenye nyumba ya watu, Milutin, umezeeka mpaka umekuwa mwizi wa kutema? Mkono wangu wa kulia uko hewani juu ya mkate wao, na Bibi Stana, nyanya wa kijana anayetaka kumwoa binti yangu, ameubeba mkate wenyewe kwa mikono miwili juu ya kitambaa cheupe chenye tarizi nyekundu, mkate wa mviringo wa ngano, umeumuka kama mto wa kulalia, umepakwa yai mpaka unang'aa, kibakuli cha chumvi kimekaa katikati kama kitovu, na mwanawe Krsman, mkwe mwenzangu mtarajiwa, anahutubia, Mungu ampe pumzi, aendelee hivyo hivyo kuhutubia, maana akinyamaza tu itabidi nimege, mkubwa wa wageni ndiye humega kwanza, na nikimega itabidi nile, na nikila... "Kutoka milimani kwenu Ivanjica mpaka huku kwetu Banat ni safari, bwana Milutin," anasema Krsman, "na sisi watu wa tambarare hatuna mlima wa kuwaonyesha, tuna ngano tu!" wanacheka, nami nacheka, cheko langu linatoka kavu kama makapi, ngano tu, ndiyo, asubuhi nzima dirishani mwa gari sikuona kingine, huku na huku ngano changa ndiyo kwanza inachipua kijani, mpaka upeo wa macho, nikawaza kwamba wengine huwaogopa mbwa wa wakwe, mimi naogopa shamba lao. Ningeweza kusema. Maneno yenyewe hayafiki hata kumi, samahanini jamani, mimi siwezi kula ngano, inanidhuru, basi, watu wangesema haya, bahati mbaya, karibu ndani... lakini hawangesema hivyo, nawajua wanaume, ningekuwa mimi upande ule ningesema nini? Ningesema maskini, limwanaume zima na bega kama mlango, mkate umemshinda. Na mimi wa kushindwa na mkate! Mimi niliyeendesha gari la mkate maisha yangu yote ya kazi, vijiji vyote vya kwetu vilinijua kwa honi, wanawake wakitoka na vikapu, huyo Milutin huyo, mweupe umefika, mkate ukiwa bado na moto nikimega wa juu kabisa nikiula huku naendesha, makombo yakijaa kifuani, na kumbe kila kombo moja lilikuwa linanikwangua tumbo kwa ndani, kidogo kidogo, kama panya kwenye gunia, mpaka siku nilipoishiwa damu nikaanguka juu ya usukani, na yule daktari mwanamke pale Užice, mdogo, umri wa binti yangu Dunja, akanitazama juu ya miwani, akasema, "Bwana Milutin, mwili wako hauivumilii ngano. Si kidogo, si siku ya sikukuu, si kwa ajili ya mtu yeyote. Hata chembe. Hata vumbi lake," nikamwuliza sasa nile nini, akasema, "Wewe si wa milimani? Kula mahindi." Akatabasamu. Alidhani ananipa habari njema... "Maana mkate," anasema Krsman, "mkate ndio uso wa nyumba!" mahindi, nikatoka pale na neno hilo kama mtu aliyeambiwa arudie darasa la kwanza. Maana mahindi ndiko nilikotoka, mama alikuwa akipika ugali wa manjano kabla hakujapambazuka, anausonga huku magoti yameshikilia sufuria, tunakula sote kutoka sinia moja, na mchana mkate wa mahindi mkavu, ule unaobomoka mkononi na lazima ukinge kiganja usimwage, na jioni tena, na nilipoitwa jeshini, wakanileta huku huku kwenye tambarare, kambi ya Zrenjanin, asubuhi ya kwanza wakaweka mezani mkate mweupe, usio na kipimo, nikala mpaka sajini akaja kutazama, "Huyu mla mahindi ametokea wapi?" wakaniita hivyo mwaka mzima, Mla Mahindi, Mla Mahindi fagia, Mla Mahindi lete maji, nikaapa, kimya kimya na kinywa kimejaa, kwamba nikirudi nyumbani nyumba yangu haitanuka mahindi, na haikunuka, nilioa, nikazaa, nikamzika mke wangu Kosara, mkate mweupe siku zote mezani, na sasa tazama, niko kwenye tambarare ile ile, suti nimevaa, tai imenikaba, na kwenye mfuko wa koti...

Usiguse mfuko. Umesikika? Nilipoinua mkono mfuko ulilia, kwarakwacha, Ognjen, huyo kijana mchumba, ametazama koti langu halafu akatazama pembeni kwa adabu, ni pakiti ya vile vijiti vya mahindi vilivyopulizwa, vya watoto, vyenye chumvi, Dunja alinitia mfukoni asubuhi tulipokuwa tunatoka, "Baba, ukiona hakuna unachoweza kula, toka nje kidogo kama unavuta sigara, utafune," nikamwambia, "Mimi nile vitu vya watoto nyuma ya banda la watu?" akasema, "Afadhali nyuma ya banda kuliko hospitali," akanifungia kifungo cha mfuko, akanipiga kofi dogo kifuani kama mimi ndiye naenda kuchumbiwa. Dunja huyo. Yuko hapa kulia kwangu, nahisi kiwiko chake. Mwaka mzima huu sijajua kifungua kinywa kingine zaidi ya anachonipikia, alijifundisha mwenyewe, kwanza akatupa bakuli zote za mbao zilizowahi kushika ngano, akasugua tanuri kama mtu anayefukuza shetani, kisha akaanza kubeba mahindi yetu mpaka kinu cha maji kule mtoni, cha yule mzee asiyesaga kingine ila mahindi, maana alisema vinu vya mjini vina vumbi, na vumbi ni vumbi, na asubuhi ananisongea ugali kama wa mama, juu yake malai mazito ya maziwa yanayeyuka pembeni, au ananiokea mkate wa mahindi wenye jibini ndani, laini, haubomoki, sijui anautia nini, mayai, mtindi, ananikatia vipande viwili vya kazini kama mtoto wa shule ingawa nimeshastaafu, na Jumapili ananikaangia bisi kwenye sufuria, tunakaa tukisikiliza zinavyopasuka, na mimi nilikuwa nafanya nini? Nilikuwa nikisikia mtu langoni nasukuma sahani chini ya kitambaa. Ndiyo. Kama mtu aliyeficha chupa. Jirani yetu Vidoje anaingia, nasema karibu, na ugali umejificha unapoa, Dunja ananitazama, anaondoa sahani. "Usiwaambie wakwe," nilimwambia wiki iliyopita, "usinivunjie heshima mbele ya watu wa Banat, nitajua la kufanya." Akasema, "Utafanya nini, Baba?" Nikasema, "Nitajua." Na la kufanya ndilo hili basi, kusimama kama kinyago na mkono hewani!

"...na huyu Dunja wetu," Krsman anasema, na sauti yake imelainika, ni mtu mwema, nilimwona tangu alipotoka kutufungulia lango bila kofia, "naye tunamwita wetu tayari, tumesikia ana tumbo dhaifu, mwezi wa saba hakuweza kuja kwenye sikukuu ya mavuno, tulikuwa tumemwandalia mwana-kondoo, tukala sisi, alaumiwe nani," wanacheka, "lakini hapa atapona, mama yangu atamnenepesha, tambarare haijawahi kushindwa na mtu!" Nini? Amesema nini? Mwezi wa saba. Na Bibi Stana anamwinamia mjukuu wake, masikio ya bibi yamekuwa mazito, kwa hiyo anaponong'ona anasikika mpaka barabarani, "Mzuri, sikatai. Lakini mwembamba. Uliuliza, huko kwao matumbo mabovu ni ya ukoo? Mwanamke mgonjwa-mgonjwa atakuzalia nini?" "Nyanya, tafadhali," anasema Ognjen, amekuwa mwekundu mpaka shingoni, na binti yangu, namsikia, sauti yake ile ya kuondoa sahani, anasema, "Usijali, Bibi. Nakula kila kitu." Nakula kila kitu. Macho chini. Mwezi wa saba... mwezi wa saba ilikuwa sikukuu ya Mtakatifu Petro, mtakatifu wa nyumba ya Vidoje, na Vidoje alikata mkate wa sikukuu akaninyooshea mbele ya meza nzima, "Vipi Milutin, mkate wa mtakatifu unaukataa? Umebadili dini?" watu hoo, hoo, nikachukua, nikala, nikaongeza kipande cha pili ili waone, nikashushia na pombe, nikarudi nyumbani nikiwa na kichwa juu kama jogoo, na kesho yake... sitaki. Siku tatu. Sikufika chooni, nasema basi, lisemwe walau kichwani, sikufika, na aliyenivua suruali ni binti yangu, aliyeiloweka kwenye beseni uani ni binti yangu, ndiyo kwanza gauni la safari limening'inia mlangoni limepigwa pasi, na nililala nimegeukia ukuta nikamsikia ukumbini anaongea kwenye simu na Ognjen, "Ni mimi, mpenzi, tumbo langu, nimekula vibaya, waombe radhi wazee," na mimi nilikuwa macho. Ningeweza kuita kutoka kitandani, mwambie ni baba yako. Nilivuta blanketi. Nikajisemea ni uongo mdogo, wa siku moja, utaisha pamoja na simu, kumbe haukuisha, ulipanda gari ukashuka huku kabla yetu, umekaa humu nyumbani miezi yote hii unangoja mlangoni, na leo wanampima mwanangu kwa macho kama ndama sokoni, mwanangu mzima kama kengele, aliyepimwa kwa yule yule daktari na damu yake ikaonekana safi, anayebeba gunia la mahindi begani toka kinuni huku anaimba, na kesho akiwa humu ndani kama mke, kila akikosa hamu ya chakula watasema ehe, si tuliambiwa, na akichelewa kushika mimba watasema ehe, na atanyamaza, kwa sababu nilimwambia usinivunjie heshima. Heshima ipi? Niliyonayo hapa ni ipi hiyo, ya suti? Nilidhani aibu ni ule ugali chini ya kitambaa, nikaulinda ugali usionekane kama mtu anayelinda nyumba kwa kukaa juu ya paa wakati mlango uko wazi, wamemchukua nani? Wamemchukua yeye, wamembebesha tumbo langu, na amelipokea, akasema nakula kila kitu, na kama nisingekuwa na masikio ningemega huu mkate sasa hivi, ningeumeza, ningecheka, halafu nani angefua? Shavu linaniwaka. Jasho limeshuka mpaka mgongoni. Ni aibu ile ile, haijapungua hata tone, tena imezidi, ila kwanza ilikuwa inanivuta nyuma, kuelekea garini, kuelekea ukutani, na sasa sijui imenishika wapi, inanisukuma.

"...basi nisiwachoshe," anasema Krsman, jamani amemaliza, amemaliza kweli, "karibuni, mkate na chumvi!" Kuku mmoja uani. Mkono wangu bado uko juu ya mkate, mvuke wake unanigusa kiganja, harufu ile, Mungu anisamehe, harufu nzuri kuliko zote alizoziumba. Bibi Stana ananitazama, ananiinulia mkate karibu zaidi. "Mega, mwanangu," anasema, "mkate haung'ati." Dunja amevuta pumzi, ananigusa kiwiko, najua anachotaka kufanya, anataka kuanguka au kukohoa au kusema lolote ili aniokoe, namsikia anaanza, "Baba alikula njiani, Bibi, ni mimi nilimwa—" na ninasema, "Dunja, nyamaza, mwanangu," nasema taratibu, "Bibi Stana. Tumbo bovu ni langu." "Eh?" anasema bibi, ananisogezea sikio pamoja na mkate, kibakuli cha chumvi kinateleza kidogo, "Sema kwa sauti, masikio yangu yamekufa. La nani?" Na jirani yao amesimama kwenye uzio, na Krsman kinywa wazi, na Ognjen, na mbwa, na tambarare yote hii isiyo na hata kilima kimoja cha mtu kujificha nyuma yake, ninaushusha mkono, ninavuta hewa, ninapiga kelele kama nilivyokuwa nikiwaita wanawake wa vijijini kutoka dirishani mwa gari, "Langu, Bibi! Si la Dunja! Langu mimi!"