Ng'ombe Wanne Pembeni mwa Barua

Barua ya Jenifer ya kuomba kidato cha tano ilifika shuleni Njombe ikiwa na ugomvi wa ng'ombe pembeni. Katibu wa shule alimpigia simu baba yake, Nikodemo, akamwambia bila kuzunguka: "Mzee, humu ndani mko watatu mnasutana. Kamati ya kupunguza ada inakaa leo jioni. Leta barua safi, na ng'ombe wawe na hesabu moja. Mwenye zaidi ya wawili hapunguziwi."

Nikodemo na bintiye wakaenda moja kwa moja steshenari ya Aneth, karibu na stendi ya Makambako. Fidelia, dada yake Nikodemo na muuza maharage sokoni, alikuwa keshafika. Habari ya aibu haisubiri gari.

Kosa lilikuwa la ukoo mzima. Kwao barua haitoki nyumbani bila wakubwa kuipitia, kama posa. Zamani walikaa jikoni wakasomeana. Hii ilipita simu kwa simu, na kila aliyeipata alirekebisha humo humo. Mwishoni Nikodemo alibonyeza mahali, rangi zote za marekebisho zikapotea, akajua kazi imekwisha. Akaituma.

"Nilifuta," alimwambia Aneth.

"Ulificha, baba Jeni. Ukifunga mlango wa banda, ng'ombe hawajaondoka."

Akabonyeza, na banda likafunguka. Fidelia alikuwa ameandika kwamba wazazi hawana uwezo. Nikodemo akakata, akaweka: Baba yangu ana ng'ombe wanne. Pembeni Fidelia akauliza: Kaka, unamwombea mtoto punguzo au unatafuta mke? Chini yake mdogo wao Obed, aliyehamia kijiji cha Yakobi, karibu na Njombe: Wawili ni wangu, nilikuachia unitunzie. Nikodemo: Ulinipa, marehemu mama ni shahidi. Obed: Mpigie basi.

Aneth alicheka mpaka akavua miwani. Jenifer hakucheka.

"Futa yote, andika upya," Nikodemo akasema.

"Sawa. Niandike ng'ombe wangapi?"

Hapo Nikodemo akapiga hesabu kichwani. Akisema wanne, punguzo limekwenda. Akisema wawili, amemkabidhi Obed kamba mbele ya mashahidi.

"Andika wachache."

"Wachache ndio wangapi, kaka?" Fidelia akauliza. "Hii si sadaka, useme ulichojaliwa."

Jenifer akampigia Obed, akaweka sauti ya nje, akasalimia. "Kamwene, baba mdogo. Baba anataka kusema."

"Kamwene. Aseme."

Nikodemo alikohoa kama trekta asubuhi ya baridi. "Obed, tangu uwaache hao ng'ombe, umewahi kununua hata dawa ya kupe?"

"Na wewe kaka, umewahi kuniletea hata kikombe cha maziwa?"



"Baba," Jenifer akasema taratibu, "nikikosa shule nitabaki nyumbani kuchunga. Sasa nataka kujua tu, nichunge wanne au wawili?"

Nikodemo akageukia kioo cha kompyuta. Aneth alikuwa ameweka mshale juu ya sentensi yake ya ng'ombe wanne, na kompyuta ilikuwa inauliza: Kubali au Kataa. Hakupenda kuulizwa hivyo. Mara ya mwisho ilikuwa na mchungaji, siku ya ndoa, na hata siku ile alikawia kujibu.

"Andika wawili."

"Sikusikia, kaka," Obed akasema kwenye simu.

"Umesikia."

"Na ndama?"

"Ndama kazaliwa kwangu."

"Tumbo la nani?"

Fidelia akaikata simu kabla ndama hajaingia kwenye barua naye. Aneth akapitia rekebisho moja moja, akafuta maneno yote ya pembeni, akaifunga barua, akaifungua tena wote wakaona hakuna kilichojificha. Ndipo ikaenda Njombe.

Jenifer alipata nafasi, na nusu ya ada ikaondolewa.

Gharama yake ilikuwa hivi. Aneth, shilingi elfu mbili. Lori la viazi lililokuwa linarudi tupu Njombe, elfu sitini za kuwapeleka ng'ombe kwa Obed, Nikodemo akalipa mwenyewe, maana Obed alisema mtunzaji ndiye anayerudisha. Ng'ombe wawili. Ndama mmoja. Na maziwa yote ya nyumba ile, kwa kuwa waliobaki bandani ni madume.