Ukurasa wa Baruti

Bonifasi Hhando alizaliwa Ganako, kule Karatu, kwa wakulima wa ngano, na bahari aliiona mara ya kwanza akiwa na miaka ishirini na miwili. Serikali ilimsomesha akawa bwana samaki, ikampeleka pwani ya kusini. Kwa miaka sita alikuwa akishinda dikoni, mashua zinaposhusha, akipima chewa na changu kwa rula na kuandika urefu wao. Wavuvi walimcheka Mmbulu huyu anayepima samaki, kisha wakamzoea.

Mwaka hadi mwaka chewa wakawa wafupi. Sababu aliijua, maana milipuko ya wavuvi wa baruti aliisikia kwa masikio yake. Mwaka 1984 akakamata mashua yenye baruti. Ilikuwa ya shemeji wa Josephati, mkuu wake. Mkuu alimwomba kwa upole aondoe ukurasa mmoja tu katika ripoti yake, ule wa baruti. Hhando akakataa. Mwezi haukuisha, barua ya uhamisho ikaja: arudi Karatu, awe karibu na wazazi.

Karatu hakuna bahari. Walimpa meza kwenye ofisi ya mifugo, akawa anaandika ng'ombe wanaoingia joshoni kuogeshwa dawa.

Baada ya miaka miwili aliitwa kwenye hoteli moja ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, kusaidia kupokea wageni. Ulikuwa mkutano wa kuhifadhi samaki wa baharini. Hhando alibeba mizigo yao, akakaa kiti cha nyuma. Josephati akasimama kusoma ripoti. Namba zote zilikuwa za Hhando. Chewa wanapungua, alisema Josephati, na sababu bado inachunguzwa.

Hhando alisimama. Hakupandisha sauti.

"Mzee, ukurasa wa baruti umeuacha wapi?"

Josephati alimtazama kama mtu asiyemfahamu. "Huyu ni wa mifugo," aliwaambia wageni. "Tumsamehe."

Wakacheka kidogo. Mwenyekiti akatangaza chai. Hakuna aliyemfuata kumuuliza lolote, na mchana waliteremka kreta kutazama faru.

Jumatatu Hhando akaandika barua ya kuacha kazi. Mama yake, Domitila, alitaka kujua kwa nini anatupa mshahara wa serikali, naye kwa mara ya kwanza akamweleza yote. Mama alisikiliza mpaka mwisho.

"Ungeutoa huo ukurasa mmoja, mwanangu," alisema, "leo ungekuwa huko na samaki wako."

Hilo Hhando alikuwa akijiambia mwenyewe kila asubuhi, pale joshoni.