Sauti Chini ya Sakafu

Walianza kwa kunyamaza. Ndivyo Kezia alivyowafundisha: kabla ya kurekodi wimbo, rekodini kwanza ukimya wa chumba, ili baadaye muweze kuondoa kelele msizozitaka. Wanafunzi wa gredi ya tisa walikuwa wamebanana katika chumba cha muziki cha Shule ya Got Rateng', na madirisha yamezibwa kwa magunia ya omena, dagaa wa ziwani, ili upepo wa kutoka Karungu usivume kwenye maikrofoni. Magunia yalinuka. Jasho liliwatiririka. Mvulana mwenye orutu, fidla ya uzi mmoja, alikuwa ameuinua upinde wake, akingoja ishara ya Joyline, fundi wa sauti wa siku hiyo.

Joyline hakutoa ishara. Aliibana hedifoni masikioni, akakunja uso.

"Madam, kuna mtu anapiga."

"Anapiga nini?"

"Sijui. Anapiga tu."

Kezia akaichukua hedifoni na kuivaa. Mwanzoni alisikia mapigo ya moyo wake tu. Kisha, to. To-to. To. Haikuwa mashine. Mashine haichoki, na huyu alikuwa anachoka. Alipiga, akatua, akaanza tena kwa kasi ndogo zaidi. Kezia alipoinua maikrofoni juu, sauti ilififia. Alipoishusha hadi sakafuni, penye ufa uliopita chini ya madawati ya nyuma, ilikuja wazi kama mtu anayebisha hodi. Nyundo na tindo, chuma juu ya mwamba. Halafu mtu akakohoa, kikohozi kirefu, kikavu, kilichoishia na mluzi kifuani.

Alipoinua macho, watoto walikuwa wanamtazama. Hakuna hata mmoja aliyeuliza ile ilikuwa nini. Hapo ndipo woga ulipomwingia.

Joyline alisogea, akainama kana kwamba anaokota kitu.

"Huyo anayekohoa ni baba," alinong'ona.

Kezia alikuwa mtu wa kisiwa cha Mfangano, mwalimu mwanagenzi wa mkataba wa mwaka mmoja. Alipofika Got Rateng' aliwakuta watoto wakisoma muziki kwa kunakili ubaoni majina ya ala ambazo nyanya zao walizipiga. Akaanzisha podikasti. Kila wiki watoto walikwenda kutafuta sauti: mzee akieleza jinsi uzi wa orutu unavyokazwa, wanawake wakiimba kando ya ziwa, mashine ya kusaga mahindi iliyofanana na ngoma. Walirekodi, wakakata, wakaunganisha, wakapakia mtandaoni. Watu waliwasikiliza Homa Bay na Nairobi, na hata mabinti wa kijiji waliokwenda kufanya kazi Uarabuni. Vishikwambi na maikrofoni vilitolewa na mwenyekiti wa bodi ya shule, Mzee Joash, mwenye shimo la dhahabu na kraasha, mashine ya kusaga mawe, ng'ambo ya barabara. Siku ya kuvikabidhi alipiga picha na kila mtoto.

Mwalimu mkuu, Bwana Omwenga, alisikiliza rekodi ile akiwa amefunga mlango wa ofisi.

"Umemsikilizisha nani?"

"Nimekuja kwako kwanza, mwalimu."

"Vizuri. Basi ifute."

"Wako chini ya chumba changu. Wanachimba chini ya watoto."

"Hiyo ni kraasha, Madam Kezia. Mtetemo wake unapita ardhini."

"Kraasha haikohoi."

Omwenga aliivua hedifoni, akauzungusha waya wake polepole mpaka ukawa kifundo kidogo. "Mimi nimebakisha kidogo nistaafu," alisema. "Unanielewa?"

Alimwelewa. Na kabla ya chakula cha mchana kesho yake, Mzee Joash akawa amesimama kwenye mlango wa chumba cha muziki, kofia mkononi, akitabasamu.

"Nyar Mfangano, binti wa kisiwani! Nimeambiwa mna wimbo mpya. Na mimi nisikie."

Watoto walikuwa uwanjani. Kezia akamwekea rekodi. Joash alifumba macho, akasikiliza mpaka mwisho, kidole chake kikigonga meza kufuata mapigo. Kikohozi kilipokuja, kidole kilisimama. Akaomba arudishiwe hapo. Akasikia tena.

"Wanapiga vizuri," alisema. "Wana nguvu."

"Mzee, chumba hiki kitatitia."

"Chumba hiki nilikijenga mimi. Serikali ilikuwa wapi? Hawa watoto walikuwa wanasomea kanisani, mvua ikinyesha wanasoma wakiwa wamesimama." Hakuinua sauti. "Mshipa wa dhahabu haujui ua wa shule, binti yangu. Ukipita huku, mtu anaufuata huku. Wewe unataka kuajiriwa, sivyo?"

"Ndiyo."

"Bodi ndiyo itasema kama unafaa. Mimi nakuona unafaa sana." Alivaa kofia yake. "Na yule mtoto aliyesikia kwanza, ni wa nani?"

"Darasa lote lilisikia."

"Hapana. Hedifoni inavaliwa na mtu mmoja."

Akaondoka akisalimia wapishi kwa majina yao.

Jioni hiyo Joyline alibaki akifagia, ingawa haikuwa zamu yake.

"Madam, usiiweke kwa mtandao. Shimo likifungwa sisi tutakula nini?"

"Joyline, baba yako anajua yuko chini ya darasa lako?"

"Anajua." Mtoto aliendelea kufagia pale pale pasipo na taka. "Kila asubuhi ananiambia nikae karibu na mlango."

Usiku ule na usiku uliofuata Kezia aliyasikia maneno hayo kila alipofumba macho. Ijumaa aliomba ruhusa, akaenda mjini kwenye ofisi moja inayohusika na usalama wa shule. Afisa alisikiliza kwa sikio moja, sikio lingine likiwa kwenye simu yake.

"Sauti si ushahidi," alisema. "Nitajuaje imetoka chini? Nitajuaje si redio?"

"Njoo usikilize mwenyewe. Lala sakafuni, utaisikia."

Afisa akacheka, akamwuliza jina lake na la shule yake. Kezia alipowasha simu kwenye kituo cha matatu, tayari kulikuwa na ujumbe wa Omwenga: *Umetupeleka wapi, Madam?*

Basi akafanya alichoweza kufanya. Alikaa na kishikwambi nyumbani kwake, akakikata kikohozi cha Werema, baba yake Joyline, kwa uangalifu kama mtu anayetoa mwiba kwenye ngozi ya mtoto. Akabakiza nyundo. Juu yake akaweka sauti yake mwenyewe, maneno machache: hiki ni chumba cha muziki cha Shule ya Got Rateng', na huu ndio ukimya wake. Akapakia.

Kipindi hicho kilisikilizwa kuliko vyote. Kufikia Jumapili kilikuwa kwenye kila kundi la WhatsApp la wazazi, na Jumatatu mkutano ukaitishwa uwanjani. Kezia alikwenda akiwa na matumaini. Watu hawa, aliwaza, wamesikia. Ni watoto wao.

Afisa wa mjini alikuwepo, kwenye kiti cha mbele. Alikuwa amezunguka chumba cha muziki mara moja, akaugonga ukuta kwa kalamu, na sasa akatangaza kwamba jengo ni imara. Hakuna aliyemwuliza swali. Aliyesimama wa kwanza alikuwa Nyasuguta, mwuza uji wa pale shimoni, ambaye watoto wake wawili walikuwa darasani kwa Kezia.

"Madam, wewe unalipwa na serikali," alisema. "Sisi tunalipwa na shimo. Wakilifunga, wewe utarudi kisiwani kwenu. Sisi turudi wapi?"

"Mama, watoto wako wanakaa juu ya handaki."

"Najua wanakaa juu ya nini!" Nyasuguta alipaza sauti, kisha ikamkatika. "Unafikiri sijui? Wewe ndiye umejua jana."

Watu wakaguna. Joash aliinua mkono, wakanyamaza.

"Hakuna haja ya kugombana," alisema. "Mimi sina siri. Werema, simama."

Mwanamume mwembamba alisimama nyuma, vumbi la mwamba limeganda kwenye nyusi zake. Kile kikohozi Kezia alikuwa amekikata, lakini Joash alikisikia kabla hakijakatwa. Aliomba arudishiwe, akakisikia tena.

"Werema, umewahi kuchimba chini ya shule hii?"

"Hapana, mzee."

"Sema wasikie."

"Sijawahi," Werema alisema, na kifua kikamgeuka. Alikohoa akiwa ameinama, mikono magotini, kwa muda mrefu, mpaka ule mluzi ukatoka mwishoni. Wanafunzi wa gredi ya tisa, waliopangwa mstari kando ya uwanja, walitazama chini wote kwa pamoja.

"Pole," alisema Joash kwa upole. "Na binti yako yuko hapa? Njoo, mama. Usiogope. Mwalimu anasema wewe ndiye ulisikia kwanza. Ulisikia nini?"

Kezia hakuwa amesema hivyo. Alitaka kupiga kelele kwamba hakusema hivyo. Joyline alisogea mbele hatua moja, sketi yake ameishika kwa mikono miwili. Hakumtazama Kezia. Alimtazama baba yake, aliyekuwa angali ameinama.

"Nilisikia ngoma," alisema.

"Ngoma ya nani?"

"Yetu. Tulikuwa tunafanya mazoezi."

Watu wakapiga makofi. Si kwa furaha. Walipiga kama watu wanaokung'uta mikono baada ya kazi chafu. Kezia alitaka kumkasirikia yule mtoto, akatafuta hasira hiyo ndani yake, hakuiona.

Podikasti ilifutwa jioni ile ile, na vishikwambi vikachukuliwa vikafanyiwe matengenezo. Mkataba wa Kezia ulikatishwa kwa kosa la kueneza taharuki. Joyline hakurudi darasani. Wenzake walisema yuko kraasha akichagua mawe, kitambaa usoni, na kwamba baba yake amepelekwa sehemu ya ndani zaidi, kule wasikopelekwa watu wenye kifua.

Asubuhi ya kuondoka, Kezia alipita shuleni kukabidhi ufunguo. Alikuta chumba cha muziki kimepakwa rangi. Magunia yameondolewa madirishani. Zulia jekundu, jipya, lilitandikwa kutoka ukuta hadi ukuta, na madawati madogo yalikuwa yamepangwa juu yake. Omwenga alikuwa mlangoni, akiangalia kazi.

"Zawadi ya mwenyekiti," alisema, kabla hajaulizwa.

"Nilidhani mtakifunga."

"Madarasa hayatoshi, Madam. Unajua hivyo." Alipokea ufunguo, akautia mfukoni bila kuutazama. "Tumewatoa wale wakubwa. Gredi ya tisa watakuwa kule ukumbini. Hapa bodi imeamua waingie gredi ya kwanza."

"Gredi ya kwanza?"

Omwenga alijikuna shingo. Macho yake yalikuwa uwanjani, ambako mstari mrefu wa watoto ulikuwa ukija, mwalimu wao mbele.

"Ni wepesi," alisema.

Watoto walifika. Mwalimu wao akawasimamisha kizingitini, akaweka kidole midomoni, akawaamuru wavue viatu. Walivivua, kila mmoja akavishika mkononi. Akawaonyesha jinsi ya kutembea: kwa ncha za vidole, mmoja mmoja, bila kukimbia, bila kusukumana. Hakuwaambia sababu. Walidhani ni mchezo. Walipita mbele ya Kezia wamekaza midomo wakizuia kucheka, mikono wameitanua pembeni kama ndege, wakikanyaga zulia jekundu kana kwamba ni maji.

Wa mwisho alikuwa kisichana chenye sweta lililofika magotini. Alisita mlangoni. Akatazama zulia, likampendeza, akakunja magoti na kuruka ndani kwa miguu yote miwili.

Mwalimu wake alimdaka bega, akachelewa. Omwenga akaushika mwimo wa mlango kwa nguvu. Wale watu wazima watatu walisimama vile vile, vichwa vimeinama, wakisikiliza.