Utani Mlangoni kwa Bi Biasha

Simba niliokutana nao pale Nanganga, enzi naendesha lori la korosho, walikuwa watatu. Siku nikiamka na furaha huwa saba, na mmoja anaomba lifti. Hadithi hiyo ndiyo niliyokuwa nawasimulia watoto wa masomo ya jioni, Mwalimu Maren akiiandika ubaoni ili waisome. Maren alitoka Denmaki kuja kujitolea hapa Ruangwa, awafundishe kusoma watoto waliobaki nyuma. Mimi mstaafu sina kazi, nikawa msaidizi wake na mwongo wake.

Zulfa, mjukuu wa mtani wangu Bi Biasha, ndiye aliyenidhibiti. Nikizidisha simba, ananyoosha kidole.

"Babu Tadeo, jana walikuwa watatu."

"Wamezaana usiku."

"Hawazaani hivyo, babu. Futa."

Nafuta. Alijifunza kusoma kwa kunisuta.

Siku moja kabla Maren hajaondoka, nyoka alimgonga Zulfa wakivuna ufuta na bibi yake. Tulimkimbiza hospitali ya Nachingwea kwa pikipiki, Maren amempakata. Mtoto akafia njiani.

Asubuhi gari la kumpeleka Maren uwanja wa ndege likamkuta msibani. Sherehe ya kumuaga shuleni ilikufa yenyewe. Watoto walikuja kwa Bi Biasha na sare zao, Maren akawaaga pale pale, mmoja mmoja, akiwapa mkono na kuwashika vichwa. Walimuuliza atarudi lini. Hakuwadanganya. Kazi hiyo aliniachia mimi.

Bi Biasha akaniita nyuma ya nyumba.

"Mtani, mbona umekaa kama mgeni?"

"Ni mtoto, mtani. Kwa mtoto huwa tunanyamaza."

"Mama yake tulipomzika ulinichekesha. Huyu ndiye niliyekuwa nimebaki naye. Usiniache nilie tu mpaka jioni."

Yeye Mmwera, mimi Mngoni. Babu zetu walikuja kuwateka babu zao, wakachoka, wakaishia kuwa watani. Tangu hapo Mmwera akifa hatolewi ndani mpaka mmoja wetu afanye fujo, waliofiwa wapate pa kuvuta pumzi. Maren hakulijua hilo. Nilimjaza simba kichwani, utani sikuwahi kumweleza. Na nilitaka aondoke akijua kwamba Zulfa alikuwa mtoto wangu pia. Nikamtazama kule uani, kabeba begi. Ndani walishamaliza kumkafini mtoto. Nafasi ya kueleza haikuwepo.

Jeneza lilipotokeza, nikajilaza kizingitini na kanga ya Bi Biasha kichwani.

"Hapiti mtu. Wamwera nyie, sisi tulikuja na mikuki mkajificha porini mkapona. Leo kanyoka kamoja kamewashinda. Leteni kuku wa faini, la sivyo namchukua mtoto nikamlee Songea."

Swalehe, mjomba wa Zulfa, alikuwa ameshika jeneza upande wa mbele. Machozi yalikuwa yanamdondoka kidevuni.

"Songea kuna baridi, Mngoni. Utamfunika na nini, na uongo wako?"

Bi Biasha akacheka. Akalia, akacheka tena. Wanawake waliomzunguka wakacheka naye.

Maren akaja mbio, akasimama juu yangu.

"Babu, kwa nini unacheza? Zulfa amekufa."

Mtani akishalala hainuki mpaka apewe chake, wala haruhusiwi kujieleza. Nikiinuka pale, Bi Biasha anabaki na kilio kitupu. Nikamjibu Maren kama nilivyopaswa kumjibu yeyote.

"Na wewe lipa, Mmwera mweupe."

 Akarudi nyuma taratibu, kama mtu aliyekanyaga kitu kibaya. Mtoto mmoja, Hajra, akamshika mkono aanze kumweleza, lakini maneno yalikuwa mengi na Kiswahili cha Maren kilikuwa kidogo. Dereva akapiga honi.

Kuku akaletwa, nikapisha njia. Wanaume tukalifuata jeneza kwenda makaburini. Nilipogeuka, vumbi la gari lilikuwa limeshafika kwenye mikorosho. Watoto wote walikuwa wamepewa mkono. Mimi hakunipa.

Jumatatu nilifungua darasa mwenyewe. Nikaandika ubaoni kwamba simba wa Nanganga walikuwa saba. Nikasimama na kifutio mkononi, nikasubiri.

Watoto wakainamisha vichwa, wakaandika saba.